Sholay na maoni ya watazamaji

Sholay ni filamu ya India iliyotolewa tarehe 15 Agosti 1975. Iliongozwa na Ramesh Sippy na kutayarishwa na baba yake, G. P. Sippy. Hadithi yake iliandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, ambao hujulikana kwa jina la pamoja la Salim-Javed. Wahusika wakuu ni wezi wawili marafiki, Jai (Amitabh Bachchan) na Veeru (Dharmendra), wanaokodiwa ili kumkamata jambazi Gabbar Singh (Amjad Khan).

Filamu hii ni miongoni mwa picha za Kihindi zinazofahamika sana katika pwani ya Afrika Mashariki, ikiwemo Zanzibar. Makala hii inaeleza jinsi watazamaji walivyoipokea. Inaeleza pia mambo mawili ambayo watazamaji wameyabishania tangu ilipotoka: kifo cha Jai, na kama Thakur alikuwa na haki ya kulipiza kisasi kwa mkono wake mwenyewe.

Muhtasari wa hadithi

Thakur Baldev Singh (Sanjeev Kumar) ni mwenye ardhi katika kijiji cha Ramgarh, na zamani alikuwa ofisa wa polisi. Anawatafuta Jai na Veeru, wezi aliowahi kuwakamata yeye mwenyewe. Siku aliyokuwa akiwasafirisha kwa treni wakiwa na pingu, majambazi waliivamia treni na yeye akajeruhiwa. Wezi hao wangeweza kukimbia. Jai alirusha sarafu ili kuamua, na sarafu ikaamua wampeleke Thakur hospitali. Tangu hapo Thakur aliamini kwamba watu hawa ni wahalifu lakini wana utu.

Kazi anayowapa ni kumkamata Gabbar akiwa hai. Usiku wa kwanza wanajaribu kuiba katika sefu ya mwenyeji wao. Radha (Jaya Bhaduri), mjane wa mtoto wa Thakur, anawafumania. Badala ya kupiga kelele anawapa funguo wachukue wanachotaka. Wanaona haya na kuacha wizi huo.

Baadaye wanagundua kwamba Gabbar aliwaua jamaa wa Thakur, akiwemo mjukuu wake mdogo, kisha akamkata Thakur mikono yote miwili. Veeru anampenda Basanti (Hema Malini), mwanamke mwenye maneno mengi anayeendesha gari la farasi. Jai, ambaye ni mkimya, anampenda Radha. Karibu na mwisho, marafiki hao wanarusha tena sarafu kuamua nani abaki kuwazuia majambazi. Jai anabaki na anakufa mikononi mwa Veeru. Hapo ndipo Veeru anapoitazama sarafu na kuona kwamba pande zake zote mbili ni sawa. Kumbe siku zote Jai ndiye aliyekuwa akiamua.

Asili na utengenezaji

Upigaji picha ulianza Oktoba 1973 katika eneo la miamba la Ramanagara, jimbo la Karnataka. Muziki ulitungwa na R. D. Burman na maneno ya nyimbo yakaandikwa na Anand Bakshi. Filamu ilionyeshwa kwa mkanda wa milimita 70 pamoja na sauti ya stereo.

Watunzi walichukua mawazo kutoka filamu kadhaa za nje. Wazo la kijiji kinachokodi wapiganaji lilikuwemo katika Seven Samurai ya Japani (1954), na katika The Magnificent Seven ya Marekani (1960) iliyotokana nayo. Wazo la wahalifu wawili marafiki lilikuwemo katika Butch Cassidy and the Sundance Kid (1969). Mwaka mmoja kabla ya Sholay ilitoka pia Thunderbolt and Lightfoot (1974), filamu ya Marekani ya wezi wawili wanaosafiri pamoja, iliyochezwa na Clint Eastwood na Jeff Bridges. Nayo inamalizika kwa mmoja wao kufa. Kwa hiyo hadithi ya wezi marafiki walio safarini, ambao urafiki wao unakatizwa na kifo, ilikuwa imeenea katika sinema za wakati ule.

Hata hivyo Sholay haikuwa nakala tupu. Iliongeza mambo ambayo filamu za kikauboi kwa kawaida hazikuwa nayo: nyimbo, sherehe ya Holi, mapenzi ya mjane, na kijiji ambamo Wahindu na Waislamu wanaishi pamoja.

Mapokezi ya kwanza

Siku za mwanzo filamu haikusifiwa. Wahakiki wengi wa magazeti walisema ni ndefu na kwamba imeiga mno sinema za Magharibi. Sauti ya Amjad Khan, ambaye wakati huo hakuwa maarufu, ilidhaniwa kuwa nyembamba mno kwa jambazi wa kutisha. Watengenezaji waliingiwa na hofu kiasi cha kufikiria kupiga upya sehemu ya mwisho ili Jai asife. Waliamua kusubiri siku chache kwanza.

Katika siku hizo watazamaji waliambiana. Kumbi zikaanza kujaa na mwisho ukaachwa kama ulivyokuwa. Katika ukumbi wa Minerva mjini Bombay (leo Mumbai) filamu ilionyeshwa kwa zaidi ya miaka mitano. Kampuni ya Polydor ilitoa santuri zenye mazungumzo ya wahusika, si nyimbo tu, kwa sababu watu walikuwa wakiyakariri. Gabbar, ambaye sauti yake ilitiliwa shaka, akawa ndiye mhusika anayeigwa zaidi.

Tuzo hazikufuatana na maoni hayo ya umma. Katika tuzo za Filmfare za wakati huo Sholay ilipata moja tu, ya uhariri, iliyokwenda kwa M. S. Shinde. Mwaka 2005 Filmfare hiyohiyo iliitangaza kuwa filamu bora ya miaka 50.

Miisho miwili

Filamu ilitoka wakati India ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Indira Gandhi mwezi Juni 1975. Katika mwisho uliopigwa awali, Thakur anamuua Gabbar kwa kumkanyaga kwa viatu vyenye misumari. Bodi ya ukaguzi ilikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyewahi kuwa polisi asionyeshwe akichukua sheria mkononi. Mwisho mwingine ulipigwa, ambamo polisi wanafika kabla Thakur hajamaliza na kumchukua Gabbar. Toleo hilo lilikuwa na dakika 198. Toleo refu la dakika 204 lilienea baadaye kwa njia ya kanda za video.

Ndiyo maana watu wawili walioiona Sholay wanaweza kubishana kwa dhati kuhusu namna ilivyomalizika, na wote wakawa wakweli.

Sinema na watazamaji wa Zanzibar

Zanzibar ilikuwa na mazoea ya sinema kwa miongo mingi kabla ya Sholay. Jumba la Royal lilifunguliwa Vuga mwaka 1921, na baadaye likaitwa Majestic. Mengine yalikuwa Empire na Sultana. Sultana lilibadilishwa jina baada ya Mapinduzi ya 1964 na kuwa Cine Afrique. Majumba yote yalikuwa upande wa mji, hivyo wakaazi wa Ng'ambo, na wa mitaa ya mbali zaidi kama Amani, walikuwa na safari ya kwenda na kurudi.

Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures (2018) kinachohusu sinema katika miji ya Tanzania, ameonyesha kwamba kwa watazamaji hao picha haikuisha pale taa zilipowashwa. Watu walirudi kuiona picha ileile mara kadhaa. Tiketi za picha zilizopendwa ziliuzwa kwa ulanguzi. Kulikuwa pia na maonyesho ya wanawake peke yao. Baada ya onyesho, mambo ya mapenzi, wazazi, heshima na haki yaliyoonekana katika picha yaliendelea kujadiliwa majumbani na barazani.

Kwa kawaida picha za Kihindi hazikuwa na tafsiri ya Kiswahili. Watazamaji wasiojua Kihindi walifuata sura, vitendo na nyimbo, au waliuliza wenzao wanaojua. Sholay inafaa kutazamwa kwa namna hiyo, kwa kuwa mambo yake makubwa huonekana kwa macho: mikono isiyokuwepo chini ya shali, sarafu, dirisha linalofungwa. Katika kijiji cha Ramgarh yumo pia imamu kipofu, aliyechezwa na A. K. Hangal, ambaye mwanawe anauawa na Gabbar. Inaposikika adhana, mzee huyo anaondoka penye maiti ya mwanawe na kwenda msikitini. Mtazamaji wa Unguja hahitaji mkalimani kwa tukio hilo.

Hoja zinazobishaniwa

Kifo cha Jai. Katika lugha ya watazamaji wa Tanzania mhusika mkuu huitwa steringi, na inajulikana kwamba steringi hafi. Sholay ina masteringi wawili, na mmoja anakufa. Wapo wanaoona kwamba hapo picha imewadhulumu, hasa kwa kuwa Jai ndiye mwenye busara kati ya wawili hao. Wengine husema bila kifo hicho sarafu isingekuwa na maana, kwani urafiki hupimwa kwa kile mtu anachokubali kupoteza. Mawazo haya mawili ndiyo yaliyowagawa hata watengenezaji wenyewe katika siku zile za mwanzo.

Hali ya Radha. Kifo cha Jai kinamrudisha Radha katika ujane. Mtazamaji wa Zanzibar, ambako mjane akishamaliza eda huweza kuolewa tena bila lawama, anaweza kushangaa kwa nini ndoa yake ihitaji ruhusa ya wazee na mashauri mengi. Katika jamii nyingi za Wahindu wa tabaka la juu, desturi ilimzuia mjane kuolewa tena, ingawa sheria ilikwisharuhusu tangu mwaka 1856. Nguo nyeupe anazovaa Radha ni alama ya hali hiyo. Baadhi ya watazamaji wanaona kwamba watunzi waliufungua mlango huo kisha wakaogopa kuupita.

Kisasi cha Thakur. Neno kisasi limetoka katika Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu kisasi hakiwi cha mtu kujitwalia tu, bali hupitia kwa kadhi au mtawala. Kwa mtazamo huu mwisho wenye polisi ndio sahihi. Wanaopinga hujibu kwamba Gabbar aliwahi kufungwa na akatoroka, na mauaji ya jamaa wa Thakur yalifuata baada ya kutoroka huko. Kwao, sheria ilikwisha kupewa nafasi yake na ikashindwa. Bodi ya ukaguzi ilitaka kulifunga swali hili mwaka 1975, lakini kuwepo kwa miisho miwili kumelifanya libaki wazi.

Umaarufu wa Gabbar. Wapo wanaolaumu kwamba jambazi amependeza kuliko waliomshinda, na kwamba watoto humwiga yeye. Baada ya filamu Amjad Khan alitokea kama Gabbar hata katika tangazo la biskuti. Wanaomtetea husema adui dhaifu hampi steringi sifa yoyote.

Baada ya kumbi za sinema

Tangu miaka ya 1980 kanda za video zilihamishia filamu majumbani na katika vibanda, na majumba ya sinema ya Zanzibar yakapoteza watu hatua kwa hatua hadi kufungwa. Tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997, limekuwa likionyesha picha Ngome Kongwe, lakini hilo ni la siku chache kwa mwaka. Sholay yenyewe ilirudi kumbini mwaka 2014 kwa toleo la pande tatu. Siku hizi wengi huiona kwenye televisheni au simu. Kilichopungua ni ile hali ya mamia ya watu kuiona pamoja usiku mmoja, kisha kurudi nyumbani kwa miguu wakiulizana kama Jai alipaswa kufa.