Vinara wa Udugu na Ubishi wa Lugha

Mnyankole wa Mbarara, Uganda, akishuka sokoni Kituntu kwa Wanyambo wa Tanzania hahitaji mkalimani. Kinyambo, Kinyankole, Kihaya na Kizinza ni ndugu wa tumbo moja, na kwa ukaribu huo nawapa ushindi bila kupiga kura. Mwenye shaka asome sarufi ya Kinyambo ya Josephat Rugemalira iliyotoka mwaka 2005.

Taji la ukoo wenye ubishi mwingi ni la Kialtai, jina lililotokana na milima ya Altai, Asia. Humo wamewekwa Kituruki, Kimongolia na lugha za Kitungusi kama Kimanchu. Wengine huongeza Kikorea na Kijapani. Mwaka 2003 mwanaisimu Sergei Starostin na wenzake walitoa kamusi ya juzuu 3 kuutetea ukoo huo. Wapinzani hawana haja ya kwenda mbali, wanawaambia wahusika wahesabu tu. Mturuki husema bir, iki, üç. Mmongolia husema neg, khoyor, gurav. Sasa njoo huku kwetu: Mswahili ana mbili, tatu, nne, tano, naye Mnyankole ibiri, ishatu, ina, itaano. Hapo huhitaji profesa.

Wanaisimu wengi leo wanaona kufanana kwa lugha za Kialtai kumetokana na karne nyingi za ujirani na kuazimana. Nami niko upande wao, maana ujirani hudanganya. Kiswahili kiliazima sita, saba na tisa kutoka Kiarabu. Mtu akizitazama hizo peke yake atatupeleka Uarabuni.

Kwa mchanganyiko, Kimaa cha Wambugu wa Lushoto hakijapata mpinzani nchini Tanzania: maneno mengi ya msingi ni ya Kikushi, sarufi ni ya Kibantu, jirani ya Kipare. Ukikiuliza baba yake ni nani, kesi haitaisha leo.

Kwa kukusanya koo, nenda Kondoa na pembezoni mwake. Kirangi ni Kibantu, Kiburunge ni Kikushi, Kidatooga ni Kiniloti, na Kisandawe kina vidoko vyake.

Upweke ni wa Kihadza cha Ziwa Eyasi, chenye wasemaji wapatao 1,000. Mwanaisimu Joseph Greenberg alikiunga na Kisandawe katika ukoo wa Khoisan, vidoko vikiwa sehemu ya hoja. Wengi wamekitoa humo, na mpaka sasa hakuna ndugu yake aliyethibitishwa popote duniani.