Siku 16 za Anayesubiri

Aliyesoma sekondari Iga Barrière, mji mdogo wa biashara yapata kilomita 25 kaskazini ya Bunia katika jimbo la Ituri nchini Kongo, anaijua Exetat. Mtihani huo wa taifa hufanyika mara moja kwa mwaka, na asiyefikisha asilimia 50 hungoja mwaka mwingine. Si ajabu basi kijana wa Ituri aliyeomba shule ya biashara ng'ambo, akajibiwa kwamba hakukubaliwa wala hakukataliwa bali yumo katika orodha ya kusubiri, akaiona alama yake ya GMAT, mtihani wa kuombea shule hizo, kama jambo lililokwisha.

Halijaisha. GMAT hurudiwa baada ya siku 16, hadi mara 5 ndani ya miezi 12.

Shule inayomweka mtu katika orodha hiyo imelipenda ombi lake, ila haijui itabaki na nafasi ngapi mpaka waliokubaliwa waseme kama wanakuja. Kungoja huko kunaweza kuchukua miezi, na miezi inatosha kupandisha alama. Kwanza barua ya shule isomwe neno kwa neno. Ziko shule zinazopokea alama mpya kwa mikono miwili, na ziko zisizotaka karatasi yoyote ya nyongeza. Hizi za pili ziachwe kama zilivyoomba.

Tangu Novemba 2023 mtihani wenyewe umebadilika. Insha imeondolewa, jiometri pia, na hata maswali ya kusahihisha sarufi ya Kiingereza yaliyowatesa waliosoma kwa Kifaransa. Zimebaki sehemu 3 za dakika 45 kila moja: hesabu, ufahamu na hoja, na uchambuzi wa data. Maswali yote ni 64. Alama huanzia 205 hadi 805, na 645 ya leo hukaribiana na 700 ya zamani, kwa hiyo asishtuke anayejilinganisha na kaka yake aliyefanya miaka ya nyuma.

Anayerudia kitabu kilekile tangu ukurasa wa kwanza anapoteza wiki zake. Dawa ni daftari la makosa. Kila swali alilokosa aliandike pamoja na sababu: hakuijua kanuni, alisoma kwa pupa, au muda ulimwishia. Baada ya kurasa chache ataona kosa lake ni moja linalojirudia kwa sura tofauti, na hilo ndilo la kufanyia kazi.

Kuchagua jibu moja kati ya mengi si kugeni kwa aliyepitia Exetat. Kigeni ni kompyuta inayompima mtu huku akiendelea: akipatia, swali linalofuata huwa gumu zaidi, kwa hiyo ugumu si dalili ya kufeli. Swali likigoma kwa dakika 2, achague jibu, aliwekee alama, asonge mbele. Mwisho wa sehemu, muda ukibaki, anaruhusiwa kubadili majibu 3. Kuacha maswali wazi hushusha alama.

Je, akishuka? Mtahiniwa huona alama yake kwanza, ndipo aamue kuituma shuleni au kuinyamazia. Hofu hiyo haina msingi.

Kikwazo cha kweli kwa mtu wa Iga ni safari na pesa. Ada ni karibu dola 300. Mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani, lakini intaneti inayokatika inaweza kuuvuruga wote. Kituo cha Kampala kinafikiwa kwa barabara ya Mahagi na mpaka wa Goli, barabara ambayo makundi yenye silaha yameishambulia mara nyingi, na saa za Uganda zimetangulia za Bunia kwa saa 1. Halafu yapo majina. Wakongo wengi wana majina matatu, na jina la usajili lisipolingana na la pasipoti, mlangoni mtu hurudishwa. Basi kabla ya kulipa hata dola moja, afungue pasipoti yake na alinganishe herufi kwa herufi.