Suala la Bei Katika Uchunguzi wa Maradhi si Tangazo la Malipo

Hutokea watafiti wa afya wakawaendea wananchi majumbani na kuwauliza: "Uchunguzi huu ukitolewa kwa bei kadha, utakubali kuulipia?" Baadhi ya wananchi huingiwa na hofu kwamba hiyo ni dalili ya kuanzishwa ada mpya. Ni vyema, basi, makusudio ya suala hilo yakafahamika.

Uchunguzi hufanyiwa mtu asiyejihisi kuumwa, ili maradhi yagunduliwe mapema. Mfano ni ule wa saratani ya shingo ya kizazi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza wanawake wauanze wafikapo miaka 30, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI wafikapo miaka 25. Faida ya uchunguzi huo haiuzwi sokoni kama kibaba cha mchele. Kwa hiyo hutafutwa njia nyengine ya kuipima.

Njia iliyozoeleka ni kuuliza. Mwaka 1973 mtafiti wa Marekani, Jan Acton, aliitumia kupima thamani ya mipango ya kuokoa wagonjwa wa moyo. Mwaka 1993, jopo lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, likizungumzia thamani ya mazingira, lilishauri kwamba mtu atajiwe bei moja, ajibu ndiyo au hapana. Aidha, akumbushwe kuwa akilipa, fedha za matumizi yake mengine zitapungua. Kwa mfano, kundi moja laweza kutajiwa shilingi 2,000 na jengine shilingi 5,000. Kisha huhesabiwa waliokubali katika kila bei.

Hata hivyo, njia hii ina kasoro zake. Wapo wanaokubali kwa kumwonea haya mgeni, na wapo wanaokataa kwa kuogopa ada. Kubwa zaidi ni kwamba jibu hufuata mfuko. Mama anayevuka kwa boti kutoka Tumbatu kwenda Mkokotoni ameshalipa nauli na kupoteza kazi ya siku nzima. Akikataa shilingi 2,000, haina maana kwamba anaithamini afya yake kidogo kuliko tajiri aliyekubali shilingi 5,000. Kwa hiyo majibu hayana budi kusomwa pamoja na kipato na gharama za safari. Yakisomwa hivyo, "hapana" ya mama huyo huonesha ni nani atakayeachwa nje iwapo malipo yatawekwa.

Wananchi wanaombwa kujibu kwa ukweli, bila ya kujikweza wala kujificha. Wanayo haki ya kuuliza utafiti unafanywa na nani na kwa dhamira gani, na pia ya kukataa kushiriki. Ama uchunguzi wenyewe usingojee utafiti: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aliyefikia umri uliotajwa na aulizie katika kituo cha afya kilicho karibu naye.