KWA NINI MABAO YA GEITA GOLD YALIKAUKA



Hapa Kharumwa kuna swali moja ambalo halijaisha vijiweni. Lilianza mwezi wa Mei mwaka 2024. Ukikaa kwenye kahawa utalisikia. Ukisubiri zamu yako mashineni kukoboa mpunga utalisikia tena. Swali lenyewe ni hili: Geita Gold ilikuwa timu ya mabao. Ilikuwaje ikakosa watu wa kufunga mpaka ikashuka daraja?

Majibu ni mengi. Wengine wanasema wachezaji walikuwa wavivu. Wengine wanasema ati golini kulifukiwa kitu. Wapo pia wanaosema timu ya mkoa wetu haikuwa saizi ya Ligi Kuu tangu mwanzo. Sisi tumeona tulieleze jambo hili polepole, kwa kufuata mambo yalivyotokea mwaka hata mwaka, na kwa hesabu. Hesabu zenyewe si ngumu. Aliyemaliza kisomo anajua kujumlisha na kuzidisha, na hizo zinatosha.

TIMU ILIVYOPANDA

Geita Gold ni timu iliyokuwa ya Halmashauri ya Mji wa Geita, ikisaidiwa na mgodi mkubwa wa dhahabu wa hapo hapo Geita. Mwaka 2021 ilipanda kutoka daraja la chini, pamoja na Mbeya Kwanza, ikaingia Ligi Kuu. Watu wengi walidhani itashuka mara moja. Haikushuka. Msimu wa 2021/22 ilimaliza ikiwa ya 4. Mbele yake walikuwa Yanga, Simba na Azam tu. Kwa nafasi hiyo ilipata ruhusa ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilitolewa mapema na timu ya Sudan, lakini ilifika.

Nguvu ya mwaka ule ilikuwa mbele. Kijana George Mpole alifunga mabao 17. Alikuwa mfungaji bora wa ligi nzima. Alimpita Fiston Mayele wa Yanga, aliyekuwa na 16. Hebu fikirini: Yanga ilikuwa bingwa bila kufungwa hata mechi moja, na bado mfungaji bora alitoka Geita!

Ligi Kuu ina timu 16. Kila timu hucheza mechi 30. Mabao 17 katika mechi 30 maana yake ni zaidi ya bao moja kwa kila mechi mbili, kutoka kwa mtu mmoja. Hapo ndipo palipokuwa na furaha, na hapo hapo palikuwa na hatari. Mkulima mwenye ng'ombe mmoja wa plau analima vizuri mpaka siku ng'ombe huyo atakapouzwa.

Mpole aliondoka. Alikwenda kucheza Kongo, katika timu ya Lupopo ya mji wa Lubumbashi. Katika msimu huo wa 2022/23 Geita ilikuwa imempata Saido Ntibazonkiza, fundi kutoka Burundi, mtu anayejua kufunga na kuwafungisha wenzake. Mwezi wa Desemba mwaka 2022, msimu ukiwa katikati, Saido naye akaenda Simba. Ligi ilipokwisha, Saido na Mayele walikuwa sawa, kila mmoja mabao 17. Baadhi ya mabao ya Saido alikuwa ameyafunga akiwa na jezi ya Geita, na mengine akiwa na jezi ya Simba.

Basi katika muda mfupi timu ilipoteza watu wawili ambao kila mmoja alifikisha 17. Hatusemi waliokosea ni wachezaji. Mchezaji ni mfanyakazi. Miguu yake ina miaka michache, na akiitwa mahali penye mshahara mzuri zaidi atakwenda. Hata sisi vijana wetu wanaacha mpunga wanakwenda machimboni wakisikia kuna mawe yenye dhahabu. Tunachosema ni kwamba mabao yaliondoka na miguu ya watu.

KARASHA HALISAGI HEWA

Sasa tueleze maana ya safu ya ushambuliaji. Ni wale wachezaji wa mbele ambao kazi yao ni kutafuta bao. Wazee wetu wanakumbuka wakati timu ilipokuwa inaweka watu 5 mbele, kuanzia namba 7 mpaka namba 11. Siku hizi timu nyingi zinaweka senta fowadi mmoja na mawinga wawili, na viungo nyuma yao wa kuwaletea mipira.

Watu wengi wakiona bao halipatikani wanamlaumu senta fowadi. "Toa huyo! Hafungi!" Lakini tazama kazi ya machimbo, ambayo watu wa Nyang'hwale wanaijua. Chini ya duara kuna mtu anayepasua mwamba. Kuna wanaojaza viroba. Kuna wanaovuta kamba juu. Mwisho kuna karasha, linasaga mawe. Kama viroba havipandi, karasha litanguruma siku nzima na halitatoa unga. Mwenye karasha akisema mashine ni mbovu, atanunua mashine nyingine, na ile nayo itasaga hewa.

Senta fowadi ni karasha. Viroba ni pasi na krosi. Winga akishindwa kumpita beki, krosi haiji. Kiungo akiogopa kupiga pasi ya mbele, mpira unarudi kwa golikipa. Senta fowadi anasimama peke yake kati ya mabeki wawili, mechi inakwisha, amegusa mpira mara nne. Jioni watu wanasema hajui mpira.

Tena kuna jambo la kuzoeana. Mfungaji hakimbilii mpira ulipo. Anakimbilia mahali mpira utakapofika. Ili afanye hivyo lazima amjue mwenzake: akiinua kichwa anapiga wapi, kwa mguu gani, kwa nguvu gani. Mazoea hayo yanataka miezi. Timu ikibadilisha watu wa mbele mara kwa mara, kila mara wanaanza upya kujuana, na ligi haiwasubiri.

HESABU YA SARE

Hapa tuchukue kalamu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Husikia mtu anasema, "Lakini timu yetu haikufungwa sana, ilitoka sare nyingi." Anadhani sare ni kitu kizuri. Zamani alikuwa karibu na ukweli. Siku zile Pamba ya Mwanza ilipokuwa inatisha, ikamfunga Anse Boileau wa Shelisheli mabao 12 kwa 1 katika kombe la Afrika mwaka 1990, timu ikishinda ilipewa pointi 2 na ikitoka sare pointi 1. Mwaka 1995 FIFA iliagiza duniani kote kwamba kushinda kuwe pointi 3. Sare ikabaki pointi 1 ile ile.

Tuchukue timu mbili za kufikirika. Timu ya kwanza imeshinda mechi 10 na kufungwa mechi 20. Haina sare hata moja. Timu ya pili imeshinda mechi 3, imetoka sare 20, na kufungwa 7 tu.

Timu ya kwanza: 10 mara 3 ni 30. Ina pointi 30.

Timu ya pili: 3 mara 3 ni 9. Ongeza sare 20. Ina pointi 29.

Umeona? Timu iliyofungwa mara 20 iko juu ya timu iliyofungwa mara 7! Ukitumia hesabu ya zamani, ya kwanza ingepata 20, ya pili ingepata 26. Ndiyo maana siku hizi timu yenye mabeki wagumu lakini haina mfungaji inazama. Mabeki wanaweza kukupa sare, lakini ushindi unataka mtu wa kuweka mpira wavuni. Bao moja linalogeuza sare kuwa ushindi linaongeza pointi 2, na pointi 2 mwishoni mwa ligi mara nyingi ndizo zinazomtenga anayebaki na anayeshuka.

Na kuna ubaya mwingine. Timu ikiwa chini inaanza kuogopa. Mwalimu anawarudisha watu nyuma ili wasifungwe. Mbele anabaki mmoja. Mabao yanazidi kupungua, timu inazidi kushuka, hofu inazidi. Ni kama mtu mwenye njaa anayekula mbegu.

Siku ya mwisho ya ligi, tarehe 28 Mei 2024, Geita Gold ilicheza nyumbani, uwanja wa Nyankumbu, na Azam. Ilifungwa 2 kwa 0. Ikashuka pamoja na Mtibwa Sugar. Siku ile ilihitaji mabao kuliko siku yoyote, na haikupata hata moja.

HABARI ZA UGANGA

Hatuwezi kuliruka jambo hili kwa sababu linasemwa kila siku. Wapo wanaosema mabao yalifungwa na dawa. Sisi tunauliza tu: Saido alipohamia Simba, mbona mabao yake alikwenda nayo? Kama goli lilikuwa limefungwa, lilifunguka vipi kwa mtu yule yule alipobadilisha jezi?

Swali hili linatuhusu sisi wenyewe huku vijijini. Tunaijua timu moja ya kijiji, hatuitaji jina, iliyochangisha fedha kwa ajili ya mganga kabla ya mechi ya fainali. Wakati ule mpira wao wa mazoezi ulikuwa umeshonwa mara tatu, na winga wao wa kushoto alikuwa anacheza na kiatu kimoja cha kuazima. Walifungwa. Mganga hakurudisha fedha. Mipira miwili ingenunuliwa kwa fedha ile, na chenji ingebaki.

Kuhusu wanaocheza kamari ya mpira tutaandika siku nyingine. Kwa leo tuseme kwamba aliyeweka fedha ya mbolea juu ya jina la timu, bila kujua nani anacheza mbele, huyo hakuwa na tofauti na aliyekwenda kwa mganga.

KILICHOPOTEA

Mtu anaweza kusema, huu ni mchezo tu. Si mchezo tu. Timu za Ligi Kuu zilipokuja Geita, gari zilijaa kutoka huku kwetu. Mama lishe waliuza wali mpaka sufuria ikakwanguliwa. Bodaboda walipata abiria, nyumba za wageni zililaza watu. Na vijana wetu walikuwa wanaona Ligi Kuu karibu, siyo kwenye redio peke yake.

Kurudi ni kazi. Pamba ya Mwanza, ile ya mabao 12, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20. Ilirudi mwaka 2024, mwaka ule ule Geita iliposhuka. Na mmoja wa watu iliowachukua ili wafunge mabao alikuwa George Mpole. Geita ilijaribu kurudi haraka. Msimu wa 2024/25 ilishika nafasi ya 4 katika daraja la chini, ikaingia katika mechi za mchujo. Huko ilikutana na jirani, Stand United ya Shinyanga, na Stand ndiyo iliyosonga mbele. Stand nayo ikazuiwa na Fountain Gate. Wote wawili wakabaki chini.

JARIBU MWENYEWE

Ukienda uwanjani, chukua daftari. Piga mistari ya kusimama upate safu tatu. Ya kwanza andika "krosi na pasi zilizofika". Ya pili andika "mashuti". Ya tatu andika "mabao". Kila jambo likitokea weka alama moja. Usiandike kwa kukumbuka baada ya mechi, kwa sababu mtu mwenye hasira hukumbuka mashuti yaliyokosa tu.

Sisi tulifanya hivyo Jumapili moja hapa Kharumwa, mechi ya vijiji viwili. Timu moja ilifungwa 2 kwa 1. Mzee mmoja, shabiki mkubwa, alikuwa amepiga kelele tangu mwanzo kwamba senta fowadi aondolewe. Mechi ilipokwisha tulimpa daftari asome mwenyewe. Alivaa miwani, akafuata kwa kidole. Mipira iliyomfika yule kijana karibu na goli ilikuwa 3. Mashuti 2. Bao 1.

Mzee alihesabu zile alama mara ya pili. Kisha akauliza, "Sasa huyu winga wa kulia ni mtoto wa nani?"