Tazama upande wa pili wa karatasi

Mwaka 1960 mchapishaji Tériade alitoa mjini Paris juzuu la mwisho la jarida lake, Verve, namba 37 na 38 zikiwa pamoja. Juzuu hilo alilitenga kwa michoro ya Marc Chagall kuhusu Biblia. Ndani yake mna litografia 24 za rangi, na mgongoni mwa karatasi hizohizo zimechapwa litografia nyingine kwa wino mweusi. Leo ni rahisi zaidi kukutana na karatasi moja moja ya juzuu hilo, imetiwa fremu na kuandikwa “litografia asilia ya Chagall”, kuliko kulikuta juzuu likiwa zima. Maelezo hayo si ya uongo. Chagall alichora mwenyewe na kazi ikachapwa katika karakana ya Mourlot, iliyokuwa na sifa kubwa ya litografia. Ila mnunuzi haambiwi kwamba upande ulioelekea ukutani nao una picha, wala kwamba kuna kitabu kilichochanwa ili yeye apate ile fremu.

Sababu ya kuchana ni fedha. Juzuu zima linamhitaji mnunuzi mmoja anayeelewa anachonunua. Karatasi 24 zinaweza kuwapata watu 24 wanaotaka tu jina la Chagall sebuleni, na jumla yake humzidishia muuzaji faida. Kila juzuu linalochanwa hupunguza yale yaliyobaki mazima, na mengine hayatachapwa. Ushauri wangu kwa anayeanza kukusanya majarida ya fasihi na sanaa ya Ufaransa ni huu: usinunue karatasi iliyochanwa, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Wachanaji wanategemea wanunuzi wa namna hiyo.

Majarida haya yalipangwa na wahariri waliojua kwa nini picha fulani ikae mkabala na shairi fulani. Chukua Minotaure, lililotolewa na Albert Skira kuanzia 1933 hadi 1939, namba 13 katika juzuu 11. Jalada la namba ya kwanza ni la Picasso. Alimchora Minotauri, kisha akamzungushia kadibodi yenye mikunjo, utepe na majani bandia, na kazi nzima ikapigwa picha ndipo ikachapwa. Kwa hiyo hapo hakuna litografia ya Picasso ya kukata na kuuza, lakini jarida hilo linatafutwa sana, na kwa haki. Baadhi ya majalada yaliyofuata yalitengenezwa na Duchamp, Miró, Dalí, Matisse, Magritte na Max Ernst, na ndani ya kurasa walikutana washairi, wapiga picha na wanazuoni wa mila za watu.

Namba ya 2 ndiyo ningependa msomaji wa Afrika aijue. Yote ilihusu msafara wa Dakar–Djibouti, ulioongozwa na Marcel Griaule kuvuka Afrika kati ya 1931 na 1933 na kupeleka vitu vingi katika makumbusho ya Paris. Katibu wa msafara, Michel Leiris, alichapisha shajara yake mwaka 1934, na humo alieleza waziwazi jinsi baadhi ya vitu vitakatifu vilivyochukuliwa kwa vitisho na wizi katika vijiji vya nchi inayoitwa leo Mali. Ukiziweka kazi hizo mbili mezani, unaona jinsi msafara ulivyojionyesha mbele ya wasomaji wa Paris, na jinsi mmoja wa wasafiri wake alivyouona kutoka ndani. Toleo lililonyofolewa picha za barakoa haliwezi tena kukupa ushahidi huo.

Katika kununua, chombo cha kwanza ni lenzi ndogo ya kukuza mara kumi. Iweke juu ya picha. Ukiona nukta zilizojipanga kwa mistari, hiyo ni picha iliyochapwa kutokana na fotografia. Litografia asilia haina safu za nukta: wino wake umetulia, na pale mchoraji alipopitisha kalamu ya mafuta utaona chembechembe zisizo na mpango. Heliogravuri, ambayo Verve ya miaka ya mwanzo iliitumia kwa ustadi mkubwa, ina weusi mzito na vivuli vinavyofifia polepole. Na katika Gazette du Bon Ton, jarida la mitindo lililoanza 1912, rangi zilipakwa kwa mkono kupitia bati lililokatwa, kama lile la kuandikia magunia ya kahawa. Humo rangi huwa nzito kidogo ukingoni, na mara nyingine utaona mkondo wa brashi.

Baada ya lenzi, hesabu kurasa. Derrière le Miroir la Galerie Maeght, namba 253 kati ya 1946 na 1982, lilitolewa likiwa na karatasi zilizokunjwa bila kushonwa, hivyo picha moja ikitoka hakuna alama inayobaki. La Revue blanche liliwahi kuweka picha asilia za Bonnard, Vuillard na Toulouse-Lautrec katika matoleo ya 1893 na 1894, na mengi ya matoleo hayo yamebaki maandishi matupu. Jihadhari pia na majuzuu yaliyojalidiwa kwa ngozi nzuri: mara nyingi mjalidi aliyatupa majalada ya karatasi na kurasa za matangazo, ambazo ndizo zinazoonyesha jarida lilimlenga nani.

Kwa mwenye mfuko mdogo, L'Assiette au Beurre la 1901 hadi 1912 ni mlango mzuri. Lilitoka kila wiki, nakala zake bado zipo nyingi, na mara nyingi toleo zima liliachiwa msanii mmoja. Maktaba ya taifa ya Ufaransa imeyaweka matoleo yake kwenye tovuti ya Gallica, kwa hiyo unaweza kulinganisha ukurasa kwa ukurasa kabla ya kulipa. Toleo la tarehe 28 Septemba 1901 ni la Jean Veber, juu ya kambi ambamo Waingereza waliwafungia raia wa Transvaal wakati wa vita vya Makaburu. Katika picha moja, Uingereza ni mwanamke aliyepandisha sketi, na makalio yake yana sura ya mfalme Edward VII. Toleo lilirudiwa kuchapwa, na katika machapisho ya baadaye sura ile ikafunikwa kwa sketi. Tarehe iliyo kwenye jalada haitoshi kukwambia una chapisho lipi. Mwombe muuzaji akupigie picha ya ukurasa huo kabla hamjakubaliana bei.