Soma Namba Kabla ya Kufungua Mlango

Ndugu mfanyakazi, kabla ya kuteremka shimoni huchukui taa yoyote unayoiona. Unachukua yako, yenye namba yako, na kapita anajua nani ameingia. Kwa nini basi, ukifika ugenini, uingie katika gari la kwanza linalofunguliwa mlango?

Watu wa Kazimia ni wasafiri. Huyu anampeleka mama yake hospitali ya Muhimbili, yule anamfuata mtoto aliye masomoni. Tunavuka ziwa hadi Kigoma, na kutoka huko ndege hutufikisha Dar es Salaam. Uwanja wa Julius Nyerere uko kilometa 12 hivi kutoka katikati ya mji. Umechoka, usiku umeingia, mgonjwa anaegemea bega lako. Mtu usiyemjua anashika mzigo wako: "Twende, mzee, gari hili hapa." Bei hasemi.

Siku hizi kuna njia nyingine: kuita gari kwa programu ya simu. Unaandika unakokwenda, simu inakuonyesha nauli, jina na picha ya dereva, aina ya gari na namba zake. Safari yote inawekwa katika kumbukumbu. Uber ilianza kazi hiyo Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka 2016. Bolt, iliyoitwa Taxify hadi mwaka 2019, nayo ni ya namna hiyo.

Lakini kofia ya chuma iliyotundikwa msumarini haikingi kichwa. Mwaka 2019, mjini Columbia, jimbo la South Carolina, Marekani, mwanafunzi mmoja aliita gari la Uber usiku. Gari lilisimama mbele yake, akaingia. Halikuwa lile aliloita. Aliuawa. Namba sahihi alikuwa nayo katika simu yake.

Basi shika mashauri haya:

1. Jitayarishe nyumbani. Weka programu na kujiandikisha kabla ya safari, penye mtandao mzuri. Kampuni hutuma tarakimu za siri kwa ujumbe. Ukingoja hadi laini yako ya Kongo isishike, umekwama. Weka programu mbili, si moja. Mwezi wa Aprili 2022 Uber ilisimamisha kazi yake ya kawaida Tanzania kwa kutopatana na serikali juu ya nauli, ikarudi mwaka 2023. Jaza moto katika simu, na uwe na shilingi mkononi. Franka zetu dereva hazipokei.

2. Ita gari ukiwa bado ndani, penye taa na watu. Usisimame nje ukiangaza simu yako gizani. Soma mahali dereva anapokungoja.

3. Gari likifika, soma namba herufi kwa herufi. Herufi moja ikipishana, si gari lako. Tazama uso wa dereva na picha yake. Kisha muulize: "Umekuja kumchukua nani?" Usimtajie jina lako, yeye ndiye alitaje. Programu ikikupa tarakimu za kumpa dereva, mpe baada ya kuhakikisha hayo yote.

4. Dereva akisema, "Futa safari, unilipe mkononi," kataa. Ukifuta, kumbukumbu inakatika, na hakuna ajuaye uko katika gari gani.

5. Keti nyuma, funga mkanda, na mgonjwa wako pia. Watumie jamaa safari yako kwa simu. Ukiona hatari, piga 112. Ni namba ya polisi Tanzania, na Kenya pia.

Simu ikizimika je? Nenda kwenye kituo cha teksi zilizoandikishwa uwanjani, patana bei kabla mzigo haujaingia, na uandike namba za gari kwenye karatasi.

Nawe mama uliyebaki nyumbani, baba akipiga simu kusema amefika, usiulize habari za ndege tu. Muulize: "Namba za gari ni zipi?" Ziandike. Kapita huhesabu watu wake shimoni; wa safarini unawahesabu wewe.

Dakika moja ya kusoma namba haimcheleweshi mtu. Haraka haraka haina baraka, hata kwa sisi tunaoishi karibu na Baraka.