Uvira: Magunia yanahesabiwa, lakini njaa inapimwa vipi?

UVIRA, Kivu Kusini – Mradi wa kilimo unapofikia mwisho, hesabu huwa ndefu: majembe yaliyogawiwa, kilo za mbegu, wakulima waliopata mafunzo, vikundi vya akiba na mikopo vilivyoundwa. Kwa kaya za Nyamianda na mitaa mingine ya Uvira, swali lenyewe ni fupi zaidi. Mwezi wa Novemba, mavuno ya Juni yakiwa yamekwisha, watoto wanakula mara ngapi kwa siku?

Uvira imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, hivyo ardhi ya kulima mjini ni haba. Chakula kingi kinatoka uwanda wa Ruzizi, kuanzia Kiliba hadi Sange na Luvungi, kunakolimwa mpunga, mahindi, muhogo na maharagwe. Huko ndiko miradi mingi ya usalama wa chakula imeelekezwa.

Mmojawapo ni Jenga Jamaa II, uliotekelezwa Kivu Kusini na shirika la ADRA kwa ufadhili wa Marekani kuanzia 2011 hadi 2016. Mradi huo ulitumia njia nne: mashamba darasa, mafunzo ya mkulima kwa mkulima, vikundi vya kuwainua wanawake, na lishe ya akina mama na watoto wachanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walizilinganisha njia hizo, wakafuatilia pia kaya ambazo hazikushiriki.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho hukosekana katika tathmini nyingi. Mvua ikinyesha vizuri, kila mkulima huvuna, aliyesaidiwa na asiyesaidiwa. Bila kumtazama jirani aliye nje ya mradi, sifa za mvua huandikwa kwenye ripoti ya mradi.

Siku saba, maswali matano

Njia moja inayotumiwa sana kupima njaa haihesabu magunia hata kidogo. Mtathmini huuliza kuhusu siku saba zilizopita: ni siku ngapi familia ilikula chakula isichokipenda kwa sababu ni cha bei nafuu? Siku ngapi ilikopa chakula au kuomba msaada kwa jamaa? Siku ngapi ilipunguza kipimo cha sahani, au idadi ya milo? Na siku ngapi watu wazima walijinyima ili watoto wale?

Kila jibu lina uzito wake. Kupunguza milo kuna uzito wa 1, kukopa 2, na mzazi kujinyima kwa ajili ya mtoto 3. Alama zikijumlishwa, 0 ni kaya isiyohangaika na 56 ni kaya iliyofanya yote kila siku.

Hata hivyo kipimo hiki kinaweza kudanganya kikitumiwa wakati usiofaa. Ukiuliza Julai, baada ya mavuno, karibu kila nyumba ina kitu jikoni. Ukiuliza Novemba, msimu mpya ukiwa bado shambani, majibu hubadilika. Mradi ulioanza kupimwa Novemba ukamalizwa kupimwa Julai utaonekana umefaulu hata kama haukubadilisha lolote.

Muhogo nao una funzo lake. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, uliothibitishwa mashariki mwa Kongo, unaweza kuozesha mizizi ardhini huku majani yakionekana mazima. Mtathmini anayepita barabarani na kupiga picha ataandika kwamba shamba ni zuri. Anayeomba shina moja ling'olewe ataujua ukweli.

Ustahimilivu hupimwa baada ya pigo

Neno linalopendwa sasa katika miradi ni ustahimilivu, yaani uwezo wa kaya kupigwa na janga kisha kusimama tena. Uvira haikosi majanga ya kuupima. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu kadhaa na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwaka 2021, na tena 2024, maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika makazi ya ufukweni. Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, na maelfu ya watu wakakimbilia Burundi.

Baada ya mapigo kama hayo ndipo maswali yanapaswa kuulizwa. Je, kikundi cha akiba bado kinakutana? Mbegu zilisalia, au zililiwa? Nani aliuza mbuzi, na nani aliuza jembe?

Kuna pia wale wasiopatikana kuhojiwa. Kaya iliyohama huondolewa kwenye hesabu, nayo mara nyingi ndiyo iliyoumia zaidi. Ripoti ya waliobaki peke yao huonyesha hali nafuu kuliko ilivyo.

Fedha nazo zimepungua. Mwaka 2025 Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje na kuifunga USAID. Kila faranga inayobaki inahitaji kupelekwa kwenye njia inayolisha watu kweli.

Ndiyo maana matokeo ya tathmini hayapaswi kuishia Kinshasa au kwa wafadhili. Mkulima aliyejibu maswali ya siku saba ana haki ya kurudishiwa majibu, kwa lugha yake, kabla ya kupanda tena Septemba.